Sifuri Niliyompa Ghati

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nimejitahidi kuisahau na imekataa. Nikiikumbuka damu inanichemka, na mtu ninayemkasirikia kuliko wote siku hiyo ni mimi mwenyewe.

Lakini kwanza nikuambie kilichoniwasha. Juzi mjukuu wangu, ambaye ni mwalimu katika shule moja hapa Bomani, alinisogezea simu yake nitazame picha. Uso wa mwanamke ulikuwa umekatwakatwa, pua imeelekea kulia, mdomo kushoto, na macho yote mawili yamekaa upande mmoja wa uso. "Babu," akaniambia, "ona sanaa ya kisasa ya Ulaya. Hawa watu wana akili!" Nikamwuliza, kisasa cha lini? Picha za namna hiyo zilianza kuchorwa kabla mimi sijazaliwa, na mimi meno yangu karibu yote yameshaniaga. Akacheka. Halafu, kwa ulimi huohuo, akaniambia kwamba darasani kwake kuna mtoto anachora kienyeji, watu wake hawana kivuli, nyumba zake zinaonekana pande zote kwa mara moja, na ameshamwonya mbele ya wenzake aache upuuzi huo.

Nilisimama, mwanangu. Kwa magoti haya unayoyaona, nilisimama bila fimbo. Mke wangu alidhani nimeumwa na siafu.

Nilimwambia mjukuu wangu ninayotaka kukuambia wewe sasa, na nakuomba usiniharakishe. Mzee akikasirika husimulia polepole, maana akienda mbio atatukana.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, nina kaptula nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa na soksi ndefu zinazofika magotini. Siku hizo ukiitwa mwalimu, hata mzee wa kuheshimika sokoni Tarime alikupisha upite. Kichwa kilinivimba. Nilikuwa nikiingia dukani kwa yule Mwarabu mwuza vitambaa nasubiri kwanza watu waniamkie, hata waliokuwa rika moja na baba yangu. Nakueleza haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyefanya nitakayokusimulia.

Nilipangiwa shule ya kati ya misheni, milimani, juu ya mji. Nilifundisha hesabu, jiografia na kuchora. Kuchora ndiko kulikonipa majivuno zaidi, kwa kuwa walimu wengine hawakukuweza. Chuoni tulifundishwa kwamba iko namna moja tu ya kuchora. Unakaa mahali pamoja, hutikisiki. Unafumba jicho moja. Unanyoosha mkono wenye penseli, unakipima kitu kwa kidole gumba. Kilicho karibu kinakuwa kikubwa, kilicho mbali kinakuwa kidogo, na upande usiouona huuchori. Aliyetufundisha alisema ndivyo dunia nzima iliyostaarabika inavyochora. Nami niliyameza maneno hayo kama dawa ya minyoo, bila kutafuna.

Katika darasa la nane walikuwemo wasichana wanne. Mmoja aliitwa Ghati, binti wa Mwita, kutoka Nyamongo. Usifikirie Nyamongo ya leo ya mgodi mkubwa na bodaboda zinazokupigia honi mpaka mlangoni kwako. Ilikuwa Nyamongo ya mashamba ya mtama na mazizi, na watu wachache waliochimbachimba dhahabu kwa majembe. Ghati alikuwa mwembamba, hasemi sana, na mkono wake haukujua kukaa bure. Chaki iliyodondoka sakafuni, yeye aliiokota akachora nayo kwenye jiwe la nje.

Alilelewa na bibi yake, Bibi Wankuru, mama wa baba yake. Bibi huyo alikuwa na sifa pande zote za kwao kwa kupamba kuta. Nyumba ikishakandikwa, aliitwa yeye na udongo wake mweupe na mwekundu, akachora kwa vidole: watu, ngao, ndege, na hasa ng'ombe. Ghati alianza kumshikia kibuyu cha udongo kabla hajajua kuhesabu. Hayo yote niliyajua, na niliyadharau. Nilikuwa nasema darasani, tena kwa sauti, "Hapa hatuchori kuta za vibanda."

Mwaka ule misheni ilipata nafasi ya msichana mmoja kwenda chuo cha ualimu. Mmoja tu. Ghati na mwenzake, Robhi, walikuwa wamelingana katika kila somo. Na hapa uelewe uzito wake, maana si jambo la cheti tu. Baba yake Ghati alikuwa ameshatamka mbele ya mwalimu mkuu kwamba binti akipata chuo, ataenda, yeye hatamzuia; akikosa, kuna mtu upande wa Sirari amekwisha kuleta maneno, na ng'ombe wa mahari wako tayari. Mtu mwenyewe alikuwa na mvi na wake wawili. Ghati alilijua hilo, na darasa zima lililijua.

Mwalimu mkuu wetu, mtu wa Musoma, mwoga wa kila karatasi yenye muhuri, akaona njia ya kuepuka lawama. Akasema somo la kuchora ndilo litakaloamua. Maana yake, niamue mimi. Nilifurahi, mwanangu! Nilinyoosha soksi zangu, nikaona sasa somo langu limeheshimiwa.

Siku ya mtihani nilimfunga maksai wa misheni kwenye nguzo katikati ya uwanja. Nikawapanga wanafunzi mstari mmoja, kila mtu na kigoda chake na ubao wa kuwekea karatasi. Nikawaamuru wafumbe jicho moja na wapime. Wote wakanyoosha mikono na penseli, isipokuwa Ghati. Yeye aliinuka, akaanza kumzunguka yule ng'ombe. Akamtazama kwa mbele, akapita ubavu wa pili, akaenda nyuma, akasimama juu ya jiwe amwone mgongo.

"Rudi ukae!" nikamkemea.

Akarudi, akakaa, akachora bila kuinua kichwa tena.

Nilipokusanya karatasi, ya Robhi ilikuwa kama nilivyofundisha: ng'ombe wa ubavuni, jicho moja, pembe moja imeficha nyingine, kivuli chini ya tumbo. Ya Ghati ilinikasirisha tangu kuitupia macho. Mwili wa ng'ombe ulikuwa wa ubavuni, lakini uso umekugeukia na macho yote mawili yanakutazama. Pembe zote mbili zimefunguka. Miguu minne imesimama bila mmoja kuuficha mwingine. Na mgongo umeonekana kwa juu, kama unavyoonwa na ndege anayepita juu, pamoja na baka jeupe nyuma ya nundu ambalo kutoka vigodani halikuonekana hata kidogo. Baada ya mtihani nilikwenda kumwangalia yule maksai. Baka lilikuwepo, mahali palepale.

Nililiona baka, nikarudi ofisini, nikampa sifuri.

Halafu nikafanya jambo baya zaidi ya sifuri. Niliipeleka karatasi darasani, nikaiinua juu kila mtu aione. "Huyu ng'ombe amekanyagwa na lori," nikasema. Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia Ghati asimame anieleze ni wapi duniani amemwona ng'ombe wa macho mawili upande mmoja.

Ghati alisimama. Hakulia, na hilo liliniudhi pia. Akasema taratibu, "Mwalimu, kwetu wakija kukagua ng'ombe wa mahari, wanamzunguka. Hakuna mkaguzi anayesimama upande mmoja. Ukimwona jicho moja tu, huwezi kusema si chongo."

Wakacheka tena. Mimi nikamjibu, na maneno haya sijawahi kuyasamehe, "Chora unachokiona. Unachokijua kaa nacho nyumbani."

Robhi akaenda chuo. Sina neno baya juu ya Robhi, alikuja kuwa mwalimu mzuri, nami nilimheshimu. Ghati akafunga sanduku lake la bati, akarudi Nyamongo.

Wiki chache baadaye tukapata taarifa kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, mwenye miwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni lakini kilieleweka. Tulifagia mpaka mawe. Alikagua madaftari, akakagua vyoo, akanywa chai, kisha akatuita walimu wote barazani na kutoa kitabu kikubwa kwenye mkoba wake. Alisema kwao aliwahi kufundisha kuchora, na anapenda walimu wa huku nao waone mambo yalivyokwenda Ulaya.

Mwanangu, sikuwahi kuona kitabu cha namna ile. Alitueleza kwamba miaka arobaini na zaidi iliyopita, vijana wa miji mikubwa ya kwao walichoka kuchora kama baba zao. Walisema huko kukaa mahali pamoja na kufumba jicho ni kifungo. Kundi moja likavunja vitu vipandevipande, chupa, gitaa, uso wa mtu, likavipanga upya ili uone mbele, ubavu na juu kwa pamoja. Watu waliwapa jina la mchemraba, kwa kuwacheka, jina likawaganda. Kundi jingine likataka kuchora mwendo, basi mbwa akatembea na miguu kumi. Wengine wakaacha vitu kabisa, wakabaki na rangi na miraba mitupu. Magazeti yaliwaita vichaa. Watu walilipa kiingilio cha maonyesho ili wakawazomee. "Na leo," akasema, "hao ndio wakubwa. Hakuna anayewacheka."

Akafunua ukurasa baada ya ukurasa. Katika kurasa nyingine, kando ya michoro, zilikuwepo picha za vinyago. Akatuambia bila kuficha kwamba baadhi ya vijana wale walipata macho mapya walipoona vinyago vya Afrika vilivyokuwa vimebebwa kwa meli na kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Chini ya kila mchoro liliandikwa jina la mchoraji, mwaka wake, na mji aliozaliwa. Chini ya kila kinyago mwandishi wa kitabu aliandika: Afrika, mchongaji hajulikani.

Unadhani niliona aibu pale? Hata! Mimi ndiye niliyesifu kwa sauti kuliko wote. Akifunua uso wenye macho mawili upande mmoja, nasema, "Ajabu! Huu ni ujasiri mkubwa, Mama!" Nilisema neno ujasiri mara nyingi, mpaka mwalimu mkuu akanitazama. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu nimzomee mtoto wa watu kwa jambo hilohilo. Sikuunganisha. Au niliunganisha nikajifanya sioni, sijui, nimejiuliza sana.

Ni katika kusifu huko ndipo Bibi Wankuru alipoingia uwanjani. Alikuwa ametoka Nyamongo kwa miguu, akalala kwa ndugu zake njiani, miguu imejaa vumbi mpaka kwenye magoti. Nikashuka ngazi, nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akaniambia kwa Kikurya kwamba amekuja kuchukua karatasi ya mjukuu wake, ile ya ng'ombe. Anataka kuona kosa ni lipi, kwa sababu kumchora ng'ombe vile ni yeye aliyemfundisha.

Nilimwambia asubiri pembeni, kuna mgeni. Bibi hakusubiri pembeni. Alipanda barazani, akasimama nyuma ya yule mkaguzi, akainama juu ya kitabu. Uso ulikuwa umefunuliwa pale, wa mwanamke mwenye macho mawili upande mmoja na pua ya ubavuni. Bibi aliutazama kwa muda. Akapeleka kidole, hakugusa, akafuata mstari wa pua hewani.

Kisha akanigeukia, akauliza kwa Kikurya, "Na huyu naye mlimpa sifuri?"

Yule mama akatabasamu. "Bibi anasema nini?" akaniuliza. "Nifasirie."

Mwanangu, nisikilize hapa. Nilikuwa mimi peke yangu mwenye Kikurya barazani pale. Mwalimu mkuu hakukijua, wenzangu wawili walikuwa Wajaluo. Ningeweza kusema maneno yale matano kama yalivyo. Nikasema, "Bibi anasema picha ni nzuri sana, Mama."

Sasa mimi, msomi wa soksi ndefu, nilikuwa nimesahau kwamba bibi huuza maziwa kwa wachimbaji wa kila kabila, na Kiswahili cha kutosha anacho. Alininyooshea kidole.

"Hapana," akamwambia yule mama. "Mimi hapana sema nzuri. Mimi nauliza sifuri. Mtoto yangu kuchora ng'ombe macho mbili, huyu nampa sifuri. Huyu ya kitabu, nani nampa sifuri?"

Mwalimu mkuu akaanza kujifuta jasho kwa kofia yake. Kisha Bibi akarudi kwenye Kikurya, akanisema mimi, polepole, bila kupandisha sauti. "Wewe mura," akaniambia, yaani kijana, "tulichanga kukupeleka shule ili uwaambie hawa tunachosema sisi. Sasa unawaambia wanachopenda kusikia. Shule imekupa mdomo, na mdomo wenyewe si wetu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningekuwa na akili ningelia.

Mkaguzi akaomba kuiona karatasi. Nikaenda ofisini, nikaitoa kabatini, nikamletea, sifuri yangu ikiwa imekaa katikati ya ng'ombe. Yule mama akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akaiweka karatasi juu ya kitabu, kando ya ule uso. Uso wake ukawaka kwa furaha. "Lakini hii ni kazi!" akasema. "Ni kazi halisi! Amefanya nani?"

Na mimi, baada ya kuaibishwa hivyo, bado sikujifunza. Nikajibu, "Mwanafunzi mmoja tu, Mama. Wa kijijini."

Hakuuliza tena. Alianza kuwaeleza walimu jinsi mstari wa mgongo ulivyo sahihi, jinsi baka lilivyokaa, jinsi watoto wa huku wanavyoona kitu kizima kwa kuwa hawajaharibiwa. Akasema atapenda kuichukua, awaonyeshe wenzake. Akanitazama kana kwamba ni mali yangu. Nami nikasema, "Chukua tu, Mama." Mwenye karatasi yuko Nyamongo, bibi yake amesimama hapo na vumbi la safari ya siku mbili, na mimi nagawa! Yule mama akaandika kwa penseli chini yake: mchoro wa mtoto wa Kikurya. Akaiingiza katikati ya kurasa za kitabu, akakifunga.

Bibi alifuata kila kitu kwa macho. Akaniambia, "Mwambie hivi, na safari hii useme vilevile. Karatasi ameipenda. Mtoto je?"

Nilisema vilevile.

Yule mama aliinamisha kichwa. Sioni kama alikuwa mtu mbaya, na hilo linanikera zaidi, maana mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Alisema anasikitika, lakini nafasi za chuo zimeshagawanywa, na hilo halimo katika kazi yake. Pengine mwaka mwingine. Akasimama, akatupa mkono wa kwaheri, akaingia kwenye gari lake na mkoba wake na ng'ombe wa Ghati ndani yake. Bibi akabaki amesimama uwanjani. Nikamletea maji ya kunywa, hakuyapokea. Akajifunga kanga vizuri, akaanza safari ya kurudi.

Sasa niambie wewe, kijana wa leo, nisikasirike kwa nini? Wale vijana wa Ulaya waliodhihakiwa kwa kuchora hivyo, mimi siwalaumu kwa kuchora. Walithubutu, na waliwaudhi wakubwa wao, nami nampenda kijana anayewaudhi wakubwa kwa kazi. Ninachokataa mpaka leo ni hiki: kwamba jambo moja, likitoka mkononi mwao, ni fikra mpya, limezaliwa, lina tarehe na jina; likitoka mkononi mwetu, ni kutojua. Akili ya aliyechonga kinyago inaitwa bahati. Kuzunguka kwa Ghati kunaitwa kutotii. Na aliyelitangaza hilo katika shule yetu hakuwa Mzungu, ndugu yangu. Alikuwa mimi, mtoto wa Kikurya, niliyekua nikiegemea kuta zilizochorwa na mama zangu.

Siku ya pili yake niliomba ruhusa, nikachukua baiskeli, nikaenda Nyamongo. Njia nzima nilikuwa najipanga jinsi nitakavyomwomba Mwita asubiri mwaka mmoja, jinsi nitakavyosema kosa ni langu, jinsi nitakavyomwandikia mkaguzi barua. Nilipofika karibu na boma lao nikawaona ng'ombe wageni zizini. Ng'ombe wageni unawajua, hawajazoea mahali, wanasongamana pembeni. Walikuwa wameingia siku mbili kabla.

Mwita alinipokea kwa heshima kuliko nilivyostahili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwalimu, ungekuja juma lililopita ningekusikiliza kwa masikio mengine. Sasa nimeshakula kiapo na wakwe." Alikuwa amengoja jibu la shule, na jibu la shule lilikuwa langu.

Ghati alikuwa nyuma ya nyumba, anakandika ukuta, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. Alinisalimu kama mwanafunzi, akasimama wima. Nikamwambia habari ya mkaguzi. Nilidhani nampelekea faraja. Nikamweleza kwamba mama wa Kizungu, mkubwa wa shule zote, amemsifu ng'ombe wake mbele ya walimu wote, amemlinganisha na kazi za wakubwa wa Ulaya, amemchukua aende kumwonyesha kwa watu.

Ghati aliniangalia. Akauliza, "Alilitamkaje jina langu? Wazungu hawaliwezi, wanasema Gati."

Nikarudia kwamba amemsifu sana.

"Mwalimu, alilitamkaje?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba aliuliza, nami sikumtajia.

"Basi hakunisifu mimi," akasema, bila hasira yoyote, kama mtu anayesahihisha hesabu. Akachota udongo, akaendelea na ukuta.

Aliolewa mwezi ule. Niliwahi kumwona tena mara moja, miaka mingi baadaye, kwenye mnada wa Sirari, akiwa na watoto wawili wakubwa. Nilimwuliza kama bado anachora. Alinijibu kwamba kule alikoenda kuta za nyumba zilipigwa chokaa tupu, mume wake hakutaka madoadoa. Akaniuliza habari za nyumbani kwangu, akanitakia safari njema, akaenda zake kati ya watu. Karatasi ile sijui iko wapi. Huenda imo ndani ya sanduku la mtu aliyekufa, huenda imening'inizwa ukutani katika mji fulani na watu wanaisogelea wanasema ajabu, ujasiri. Sijui, na kutojua huko ni adhabu ninayostahili.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi usije ukaenda ukasema mzee alikuwa analalamika tu. Ukikuta kazi ambayo hujaizoea, usikimbilie kuihukumu kwa sababu hukufundishwa hivyo. Mwulize aliyeifanya alikuwa anaona nini. Ghati alinieleza kwa sentensi tatu, na zile sentensi tatu zilikuwa na elimu kuliko kitabu kizima cha yule mama. Nilichotakiwa kufanya ni kusikiliza. Ukisimamishwa kati ya mzee wako na mkubwa wa mbali uwe mdomo wao, sema lote, hata lile linalokuchoma wewe mwenyewe, maana ukilipunguza umemwibia mzee wako mbele ya macho yake. Usigawe kilicho cha mwingine ili upendwe na mgeni. Na ukimsifu mtu, mtaje jina lake, la kwake na la baba yake na la kijiji chake, mpaka msikilizaji achoke. Anayesifiwa bila jina amechukuliwa kitu.

Na usiseme hayo yalikuwa ya wakoloni, yameisha. Juzi nimeyasikia Bomani, ndani ya sebule yangu, kwa mtoto wa mtoto wangu, tena ana simu yenye dunia yote ndani yake. Nilimtuma arudi kwa yule mwanafunzi wake akamwombe radhi mbele ya darasa lilelile alilomwaibishia. Alisema ataona. Nikamwambia hakuna kuona, ni kesho. Alikwenda.

Inuka sasa, uende salama. Mungu akujalie kazi ya mikono yako ijulikane kwa jina lako, na watoto wako wakue wakisikilizwa. Akupe moyo wa kukiri kosa mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Na siku utakapokabidhiwa mtoto wa mtu umpime, Mungu autetemeshe kwanza mkono wako.